Bunju wa maji baridi: uzalishaji nyumbani

Bunju wa maji baridi ni samaki wa familia ya Tetraodontidae wanaoishi mitoni na maziwani, ingawa jamaa zao wengi ni wa baharini. Jina la familia hiyo ni la Kigiriki, maana yake "meno manne": mawili juu na mawili chini, yaliyoungana mfano wa mdomo wa kasuku. Meno hayo hayaachi kukua, ndiyo maana mfugaji humpa bunju konokono wenye magamba ili yasagike. Akitishwa, bunju hunywa maji akavimba kama mpira. Wengi wana sumu, si kitoweo.

Bonde la Mto Kongo lina aina nne za jenasi Tetraodon: T. mbu, T. miurus, T. schoutedeni na T. duboisi. Huu ndio mto unaopita Kisangani, mji mkuu wa mkoa wa Tshopo, ambako wavuvi Wagenia hutega madema kwenye maporomoko ya Boyoma. T. mbu (jina tu, hana uhusiano na mdudu) aliandikwa kitaalamu na Boulenger mwaka 1899. Hufikia sentimita 67 na huhitaji tangi la maelfu ya lita. Nyumba ya kawaida haimwezi, na karibu wote wanaouzwa walivuliwa mtoni wakiwa wadogo. T. miurus ni wa sentimita 15. Hujifukia mchangani akabakiza macho na mdomo, akingoja samaki apite. Huyu hufugwa peke yake. Mpole kati yao ni T. schoutedeni, wa sentimita 10 hivi, ambaye dume wake humng'ata jike tumboni wakati wa kutaga.

Anayezaa kwa urahisi zaidi majumbani ni mgeni kutoka Kerala, India: Carinotetraodon travancoricus, asiyezidi sana sentimita 3. Dume hutambulika kwa mstari mweusi tumboni. Jike hutaga mayai machache ya milimita 1 hivi, yanayong'aa kama tone la maji, katikati ya majani laini ya majini. Wazazi huyala, kwa hiyo mayai huhamishwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Katika nyuzi 27 huanguliwa baada ya siku 5 hivi. Vifaranga huishi kwanza kwa kiini cha yai, kisha hupewa vijidudu hai visivyoonekana vizuri kwa macho, baadaye vifaranga vya uduvi wa maji ya chumvi. Chakula kilichokufa hawakigusi.

Wakikua hung'atana, na wakubwa huwala wadogo. Mfugaji hana budi kuwatenganisha kwa ukubwa na kutafuta wa kuwapokea mapema, kabla tangi halijajaa. Mpokeaji anayestahili ana maji yaliyotulia, konokono wa kutosha, na hakusudii kuwachanganya na samaki wa mapezi marefu. Kila kifaranga husafiri kwenye chombo chake. Achotwe kwa kikombe chini ya maji, asiinuliwe kwa wavu: akivimba akiwa hewani humeza hewa, na huenda akashindwa kuitoa.

Kifaranga akikosa wa kumchukua, abaki kwa mfugaji. Bunju wa India asimwagwe katika mito ya Tshopo, Lindi wala Kongo, hata akiwa mmoja.