Pokémon nao wanahama: historia ya gemu moja, na kaseti yangu

Wiki iliyopita, kwenye kituo cha vijana hapa Nakivale, mfanyakazi mmoja wa kujitolea alikuja na Switch yake na gemu mpya, Pokémon Legends: Z-A, iliyotoka tarehe 16 Oktoba 2025. Vijana kumi na tano, mashine moja, dakika kumi kila mtu. Zamu yangu ilipofika wadogo wakaanza kunicheka: “Haya mzee wa Pokémon, tuone!” Ni kweli, niko nayo tangu nikiwa na miaka tisa kule Goma. Nitawaambia ninavyoiona hii mpya, lakini kwanza turudi nyuma kidogo. Kila gemu mpya ya Pokémon ikitoka mimi nina swali moja tu: wale wa zamani, wanaruhusiwa kuingia?

Yote yalianza na waya. Satoshi Tajiri alizaliwa 1965 na alikulia Machida, pembeni ya Tokyo, akiwa mtoto wa kukamata wadudu. Mji ukapanuka, mabwawa yakafukiwa, wadudu wakaisha. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ikatoa Game Boy, mashine ya mkononi ambayo unaweza kuunganisha mbili kwa waya. Wengi waliona waya ule ni wa kushindana. Tajiri aliwaza wadudu wakitambaa ndani yake, kutoka mashine ya mtoto mmoja kwenda ya mwingine. Yeye na wenzake wa Game Freak walihangaika miaka kama sita, na tarehe 27 Februari 1996 gemu mbili zikatoka Japani: Red na Green.

Kwa nini mbili? Hapo ndipo penye akili. Pokémon walikuwa 151, lakini wengine wapo kwenye Red tu na wengine kwenye Green tu. Tena wanne, yaani Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter, hawafiki umbo lao la mwisho mpaka wapite kwenye waya kwenda kwa mtu mwingine. Peke yako humalizi hata ukicheza mpaka asubuhi. Lazima umtafute mwenzako.

Na Pokémon aliyehamia kwako ana sheria zake. Anakua haraka kuliko wa kwako, anapata uzoefu mara moja na nusu. Lakini akishakuwa mkubwa na wewe huna beji za kutosha, hakutii. Jina alilopewa kule alikotoka huwezi kulibadilisha, na jina la mlezi wake wa kwanza linabaki kwenye ukurasa wake siku zote. Nikiwa mtoto sikuona kitu hapo. Leo nikitazama kadi yangu, pale palipoandikwa nchi ya asili, nakumbuka ule ukurasa.

Sasa safari yenyewe. Mwaka 1999 zilikuja Gold na Silver, na bado uliweza kuwapeleka Pokémon mbele na kuwarudisha nyuma kwenye Red. Halafu 2002 zikaja Ruby na Sapphire, kwenye Game Boy Advance, na njia ikakatwa kabisa. Waliokuwa kwenye kaseti za zamani walibaki hukohuko. Kaseti zile zilitunza kumbukumbu kwa nguvu ya betri ndogo ya ndani, na betri ikifa, kila kitu kinafutika.

Mwaka 2006 Diamond na Pearl zikafungua mlango kwa wale wa Ruby na Sapphire. Unachomeka kaseti ya zamani chini ya DS, unavusha Pokémon sita kwa siku, na wakishavuka hawarudi. Kutoka hapo wakaendelea kwenda Black na White, halafu kwenye hifadhi ya intaneti iitwayo Bank, halafu HOME, iliyofunguliwa Februari 2020. Lakini Sword na Shield za 2019 zilikuwa za kwanza kusema wazi: hata ukifika mlangoni, si Pokémon wote wataingia. Mashabiki walikasirika sana. Watu wa nje waliwaona wanalilia vikatuni. Mimi niliwaelewa.

Mjomba aliniletea Game Boy Advance ya mitumba ikiwa na Ruby ya Kifaransa. Pokémon wangu wa kwanza alikuwa Treecko, nikampa jina Kivu. Siku tuliyotoka Goma mashine ilibaki juu ya kabati. Kaseti ilikuwa mfukoni mwa suruali. Imevuka Bunagana pamoja nami, na mpaka leo iko kwenye ile bahasha ya plastiki yenye karatasi zetu. Mwaka jana jirani alipata mashine ya kuazima, tukaichomeka. Likatokea tangazo kwamba betri ya ndani imeisha. Roho ilinishuka. Kumbe kwenye Ruby betri inaendesha saa tu, kumbukumbu imewekwa mahali pengine. Saa imesimama, lakini Kivu yupo, na jina langu la utotoni liko pale pale chini yake.

Je, Kivu anaweza kufika mbele? Njia ipo, ila ni ndefu: DS, kisha DS mbili, kisha 3DS yenye Bank. Na duka la kupakulia Bank lilifungwa Machi 2023. Aliyeipakua mapema anapita. Aliyechelewa lazima amtafute aliyewahi.

Basi, hii mpya. Mchezo wenyewe ni mtamu. Ile mambo ya kupigana kwa zamu imeondoka, sasa unakimbia, unakwepa, unachagua sekunde ya kupiga. Ubaya ni kwamba yote yanatokea ndani ya mji mmoja, Lumiose, uliochorwa kwa mfano wa Paris, na majengo mengi ni kuta tu, madirisha kama yamebandikwa. Lakini wazo lake limenigusa: mji unaowatengea Pokémon maeneo ya kuishi katikati ya watu. Yule mtoto wa Machida aliona mji ukifukuza wadudu, na miaka yote hii baadaye gemu yake inauliza watakaaje pamoja.

Halafu yupo AZ. Tulimwona kwanza kwenye X na Y za 2013: mfalme wa kale ambaye vita vilimwua Pokémon aliyempenda. Akaunda mashine ya kumfufua, kisha kwa hasira akaigeuza silaha. Rafiki yake akamwacha, naye akatangatanga miaka 3000. Kwenye Z-A ana hoteli kuukuu, na anampa mgeni chumba. Mdogo mmoja aliuliza, “Huyu mzee mrefu mbona ana huzuni?” Dakika zangu zilikuwa zimeisha, sikumjibu.

Na swali langu? Walitangaza kwamba HOME ingeunganishwa na Z-A mwaka 2026. Si wote watakaoingia, na watakaoingia hawatarudi kwenye gemu za nyuma. Nikipata nafasi, sijui kama nitamtuma Kivu. Ila nataka niwe na uwezo wa kuchagua.

Kwa hiyo wandugu, na nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa: mwenye DS ya zamani, ile yenye tundu la kaseti kwa chini, aniandikie. Naazima tu, narudisha.