Nani Aliyekatiza Barabara?

Ndugu msomaji, chukua gazeti lolote la Kiswahili, la mwaka wowote upendao, pekua mpaka kurasa za ndani, utafute habari fupi ya ajali. Utaikuta sentensi hii au ndugu yake wa tumbo moja: mtembea kwa miguu alifariki papo hapo baada ya kugongwa na gari alipokuwa akikatiza barabara ghafla. Habari imekwisha. Chini yake kuna tangazo la sabuni.

Hebu isome tena polepole. Marehemu kafanya nini? Kakatiza, tena ghafla. Gari limefanya nini? Limetajwa kwa mbali, kana kwamba lilikuwa likijiendea zake. Na dereva je? Dereva hayumo kabisa. Hukumu imeshatoka kabla hata polisi hawajapima barabara kwa futi kamba. Msibani nako wazee watasema ajali haina kinga, kazi ya Mungu haina makosa, na watu watatawanyika.

Mimi nasema tusitawanyike kwanza. Swali la nani mwenye kosa, dereva au mvukaji, lina historia yake, na kipande kikubwa cha historia hiyo kimepita huku kwetu kusini, kuanzia Mikindani mpaka kingo za Ruvuma. Lakini kabla ya kufika kwetu, inabidi tupite ugenini kidogo, maana gari nalo lilitoka huko.

MAMA WA LONDON NA MSHAMBA WA MAREKANI

Tarehe 17 Agosti 1896, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll alikuwa akitembea na binti yake kwenye viwanja vya Crystal Palace, London. Akagongwa na gari, akafa. Anahesabiwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza Uingereza kuuawa na gari. Dereva alidai alikuwa akienda maili nne tu kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Baraza la uchunguzi likasema ni kifo cha bahati mbaya, na dereva hakushtakiwa. Unaona? Ajali haina kinga ilisemwa kwa Kiingereza kabla haijasemwa kwa Kiswahili.

Hata hivyo, siku zile watu wengi walikuwa bado wanaamini kwamba barabara ni ya wote. Watoto walicheza humo, wachuuzi walisukuma mikokoteni humo, na mwenye gari ndiye aliyeonekana mgeni mwenye fujo. Mwaka 1923, katika mji wa Cincinnati huko Marekani, watu wapatao 42,000 walitia saini wakitaka kila gari la mjini lifungwe kidhibiti mwendo, lisiweze kuzidi maili 25 kwa saa, kama kilomita 40 hivi. Wenye magari na wauza magari wakashtuka. Wakaungana, wakapiga kampeni, na katika kura pendekezo lile likaanguka.

Baada ya hapo walibadili mbinu. Badala ya kujitetea, wakamgeukia mtembea kwa miguu. Lilikuwepo neno la mitaani, "jaywalker", wakalikuza magazetini na mashuleni mpaka likaingia katika sheria za miji; Los Angeles ilikuwa na sheria ya namna hiyo mwaka 1925. Sasa sikiliza utamu wake: "jay" katika Kiingereza cha Wamarekani wa wakati ule ni mtu wa kuja, asiyejua mambo ya mjini. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku: mshamba. Anayevuka barabara popote hakuitwa mwizi wala muuaji, aliitwa mshamba, na mshamba akifa watu humsikitikia huku wakicheka kidogo.

Sisi hatuna neno moja la kutafsiri "jaywalker", lakini dharau yake tunayo. Muulize kijana yeyote aliyeshuka Ubungo au Mbagala kwa mara ya kwanza akitokea kusini, akasimama kando ya barabara na mzigo wake kichwani. Konda atamwambia nini? "We mshamba, utakufa!"

PUNDA WA 1842

Wanasheria nao hawakulala. Sheria yetu ya madai ilirithiwa kwa Mwingereza, basi tutazame alivyoanza. Mwaka 1809 ilikuja kesi kutoka mji wa Derby. Mtu mmoja alikuwa akitengeneza nyumba yake, akaweka mti kuziba sehemu ya njia. Jioni akapita mwingine na farasi, mbio kweli kweli, akajikwaa na kuumia. Mahakama ikasema: mwenye mti alikosea, lakini na wewe ungekuwa mwangalifu ungeuona. Akaondoka mikono mitupu. Ndiyo ikawa kanuni: ukichangia kosa hata kidogo, hupati kitu.

Mwaka 1842 akaja punda. Mwenyewe alimfunga miguu ya mbele akamwacha anakula majani kando ya njia, jambo ambalo halikutakiwa. Gari la farasi likaja kwa mwendo mkali, likamponda. Mwenye gari akadhani kanuni ya Derby itamwokoa. Haikumwokoa. Majaji walisema kwamba yule aliyekuwa na nafasi ya mwisho ya kuzuia balaa ndiye abebe lawama, maana vinginevyo mtu ataweza kumkanyaga hata aliyelala usingizi barabarani kisha akajitetea kwamba pale si mahali pa kulala.

Jamani, punda yule alipata haki ambayo watu wetu wengi hawaipati magazetini!

Mwaka 1945 Waingereza waliiacha kanuni ya yote-au-hakuna, wakaruhusu kosa ligawanywe kwa asilimia, na sheria ya namna hiyo ikaletwa Tanganyika wakati wa ukoloni. Tuseme hasara ni shilingi milioni kumi na mahakama ikaona mvukaji alichangia asilimia thelathini: familia itapata milioni saba. Haifutwi. Kwa watoto hesabu huwa laini zaidi. Katika kesi ya Gough na Thorne ya 1966, huko huko Uingereza, msichana wa miaka kumi na tatu na nusu alipewa ishara na dereva wa lori avuke. Akavuka, na gari jingine likapita pembeni ya lori likamgonga. Jaji wa kwanza alimtwisha theluthi ya kosa. Mahakama ya Rufani ikamwondolea yote, ikasema mtoto hapimwi kwa akili ya mtu mzima.

Na pwani yetu hii haikungoja Mwingereza ili ijue tofauti ya kukusudia na kutokusudia. Katika sheria ya Kiislamu anayeua kwa bahati mbaya haitwi muuaji wa makusudi, lakini hasemwi kuwa hana deni. Kuna diya kwa jamaa za marehemu, na kuna kafara: kumwacha huru mtumwa, au kufunga miezi miwili mfululizo. Nchi za Ghuba mpaka leo mahakama zinahesabu diya kwa vifo vya barabarani. Maana yake ni kwamba hata pale ambapo hapana mwovu, bado yupo mdaiwa.

NANI ALIWALETA WATU BARABARANI?

Sasa turudi nyumbani. Mtwara unaoujua, wenye barabara pana na viwanja vilivyoachana, haukukua wenyewe kama Mikindani. Ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Nachingwea ilime karanga, reli izilete, bandari ya kina kirefu izipakie. Mradi ukafa mwaka 1951, na reli iking'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Barabara zikabaki pana, zikisubiri magari ambayo hayakuja. Kizazi kizima kilikua kikivuka barabara kama anayevuka uwanja wa mpira.

Huko bara, kwenye uwanda wa Makonde na mabonde yake, watu waliishi wametawanyika, kila ukoo na mikorosho yake. Uwanda hauna maji, kwa hiyo njia za miguu zilikwenda mabondeni kisimani na kurudi. Hiyo ndiyo ramani ya zamani, na hakuna njia hata moja humo iliyofuata barabara ya gari.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi iishe kufikia mwisho wa 1976. Kusini ilikuwa imeanza mapema zaidi. Karibu na Ruvuma, ambako vita vya ukombozi wa Msumbiji vilinguruma ng'ambo tangu 1964, kuwakusanya watu kulikuwa na sababu ya ulinzi pia. Na vijiji hivyo vilipangwa wapi? Kandokando ya barabara! Nia ilikuwa njema: shule ifikike, zahanati ifikike, lori la ushirika lifike. Ukichungulia dirishani mwa basi leo utaona nyumba zimejipanga mistari miwili, kushoto na kulia, barabara katikati kama kamba ya shanga.

Lakini mikorosho haikuhamishwa. Ilibaki kule kule kwenye mahame, mbali. Wengi wanaijua habari hii upande wa uchumi: korosho za Tanzania zilifika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, zikaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, na kuwatenga watu na miti yao ilikuwa mojawapo ya sababu. Ninachokuomba ukione ni upande wa pili wa jambo lilelile. Aliyetengwa na mikorosho yake aliwekwa barabarani, na kila alfajiri ilimbidi aikatize barabara kwenda shambani. Mtoto wake aikatize kwenda shule. Mkewe aikatize kwenda kisimani.

Miaka ile haikuwa hatari. Barabara ilikuwa mchanga na makorongo, na masika yakikolea kivuko cha Ndundu kwenye Rufiji kilifungia kusini nzima nje ya nchi. Lori lilisikika nusu saa kabla halijafika, utingo akining'inia nyuma. Kuku alikuwa na muda wa kufikiri.

LAMI INAKUJA

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa juu ya Rufiji. Lami ikashuka, kipande kwa kipande. Mwaka 2010 Daraja la Umoja likatuunganisha na Msumbiji pale Mtambaswala. Ikaja gesi ya Mnazi Bay na Madimba, ikaja saruji, msimu wa korosho ukaleta semitrela foleni mpaka bandarini. Tulilia miaka mingi tupate barabara, na hakuna mtu wa kusini mwenye akili timamu atakayesema irudi kuwa mchanga.

Ila barabara mpya ilipita palepale katikati ya shanga. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Dereva akiona mtoto, sekunde moja ya kushtuka tu, kabla mguu haujagusa breki, tayari ameshamaliza mita 22. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inasema 50 kwenye makazi, na vibao vipo. Lakini madereva wanajua tochi ya trafiki inakaa wapi, na wanajua inapolala.

Akigongwa mtoto, hukumu huwa mbili. Wananchi wenye hasira kali humtafuta dereva, ndiyo maana wengi hukimbilia kituo cha polisi badala ya kusimama. Polisi naye huandika uzembe wa mtembea kwa miguu. Kisha yanatokea magogo na mawe barabarani, wanakijiji wanadai tuta. Hiyo ndiyo hukumu ya tatu, na naiona ndiyo yenye busara kupita zote. Hawasemi dereva afe, hawasemi mtoto alikuwa mzembe, wanasema barabara hii imekosewa. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba tuta huja baada ya kaburi.

BASI NANI?

Mbele ya sheria, dereva anabeba kwanza, kwa sababu ileile ya mwenye gari aliyemkuta punda: yeye ndiye mwenye chuma, mwendo na nafasi ya mwisho. Mvukaji mzima aliyelewa, au aliyekimbilia mbele ya gari lililo karibu, naye ana fungu lake, na likiwa ndilo chanzo pekee, dereva ataachiwa. Fungu la mvukaji, hata hivyo, hupunguza haki ya familia, halifuti. Kila gari linatakiwa liwe na bima ya mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu ndiye hasa marehemu wetu. Familia ngapi hupokea sanda na mchele kutoka kwa mwenye gari, zikaliacha dai hilo bila kujua kuwa lipo?

Lakini mbele ya historia kuna mshitakiwa mwingine ambaye hajawahi kuitwa kizimbani: aliyechora. Mwaka 1997 bunge la Sweden lilikubali kwamba wanaojenga barabara wabebe nao dhamana ya vifo vya barabarani, maana binadamu atakosea tu, na kosa dogo lisilipwe kwa uhai. Sisi tuliwahamishia watu barabarani kwa amri, tukaitia barabara lami, kisha tukawauliza marehemu wao: ulikuwa unafanya nini barabarani?

Wewe unayejifunza kuandika, siku mhariri atakapokutuma ajali, nenda pale ukapime. Uliza kijiji kilihamia lini na shule iko upande gani. Uliza kibao kinasemaje, na tuta liliombwa mara ngapi. Halafu andika nani aliendesha, kwa mwendo gani, na nani alikuwa akienda wapi. Ukifika kwenye neno "kukatiza", simamisha kalamu kidogo ujiulize nani alitangulia kuwapo pale, mtu au barabara.