Kilatini Kwenye Senti ya Shaba

Barabara ya kutoka Bukoba kwenda Muleba hupita Kemondo, ambako mwanaakiolojia Peter Schmidt na wenzake walifukua tanuri za chuma za karne za mwanzo baada ya Kristo. Enzi hizo hizo Roma ilikuwa ikigonga sarafu za shaba zenye kichwa cha kaisari na herufi IMP, cheo chake cha ukuu wa majeshi. Kaisari Pertinax alitawala chini ya miezi mitatu mwaka 193, na shaba zenye jina lake zipo mpaka leo. Sikupita njia hii kutafuta shaba za Roma. Nilifuata herufi zake, maana hizo zilifika Buhaya, nchi ya Wahaya.

Zilikuja na Waingereza. Senti kumi ya Afrika Mashariki, ya kuanzia mwaka 1921, ina tundu katikati. Upande mmoja pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu; upande wa pili taji limekaa juu yake, na ukingoni pameandikwa GEORGIVS V REX ET IND: IMP:, yaani George wa Tano, Mfalme na Kaisari wa India. Herufi U imechongwa V, kama mafundi wa Roma walivyoichonga. Uso wa mfalme haumo, maana tundu limechukua nafasi yake. Kwa watu waliokuwa wamezoea kutunga simbi kwenye uzi, fedha yenye tundu ilikuwa rahisi kutunza.

Tundu hilo lilileta jambo la ajabu. Edward wa Nane alishika ufalme Januari 1936 na kujiuzulu Desemba mwaka huo huo, kabla ya kutawazwa. Kwao Uingereza hazikuwahi kutoka sarafu za matumizi zenye sura yake. Huku kwetu, kwa kuwa sura haikuhitajika, senti tano na senti kumi zenye jina EDWARDVS VIII ziligongwa na kutumika. Mkulima aliyeuza kahawa yake Kamachumu aliweza kulipwa kwa jina la mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakumwona kwenye fedha yao.

Nani aliyasoma maandishi hayo? Wengi walitazama tundu, ukubwa na pembe, ikatosha. Lakini Muleba palikuwa na seminari ya Rubya, na huko vijana walifundishwa Kilatini. Mmoja wao alikuwa Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912, akawa padri mwaka 1943, askofu wa Rutabo, na mwaka 1960 kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Kwa vijana wa Rubya, lugha ya misa ilikuwa pia lugha ya senti. Naamini walikuwa miongoni mwa wachache nchini walioweza kuona India ikitoweka: baada ya uhuru wake wa mwaka 1947, senti zilizogongwa kuanzia 1949 zilisomeka GEORGIVS SEXTVS REX tu, yaani Mfalme George wa Sita. Dola ilipungua, na shaba ikakiri.

Malkia Elizabeth aliposhika ufalme, Kiingereza kilichukua nafasi ya Kilatini. Kisha mwaka 1966 Tanzania ikatoa sarafu zake: Mwalimu Nyerere upande mmoja, na nyuma ya senti tano ya shaba, yenye pembe kumi na mbili, samaki mwenye pezi kama tanga. Thamani yake iliandikwa kwa Kiswahili, na hakuhitajika mseminari kuisoma.