"Sorry": maana, asili na matumizi

Neno hili la Kiingereza ni kivumishi, ijapokuwa katika mazungumzo husimama mara nyingi peke yake kama kihisishi. Asili yake ni *sārig* ya Kiingereza cha Kale, iliyonyambuliwa kutoka nomino *sār*, yaani maumivu au kidonda. Wengi hudhani limetokana na "sorrow", huzuni. La hasha: hilo lina mzizi wake mbali, na maneno haya mawili yalikuja kukaribiana baadaye tu, kwa sauti na kwa maana.

Kiini cha neno, basi, ni kuumia, si kukosa. Maana ya kuomba msamaha ilichipuka juu ya kiini hicho, kwa kuwa aumiaye kwa alilotenda huonekana amelijutia. Maana zote mbili zingali hai, na hapo ndipo mfasiri hukwama, kwani Kiswahili kimezitenga. Aliyefiwa huambiwa "pole", na mwambaoni pia "makiwa". Aliyekanyagwa mguu huombwa "samahani" au "niwie radhi", kisha ndipo apewe pole. "Samahani kwa msiba", ambayo hukutana nayo katika kazi za wanafunzi, humfanya mtoa rambirambi aonekane ana mkono katika kifo hicho.

Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza hatari ni kubwa zaidi. Dereva anayeeleza mahakamani kwamba alimwambia majeruhi "pole" hajakiri kosa lolote. Hata mpita njia angesema vivyo hivyo. Likifasiriwa kwa "sorry" tupu, wakili asiyejua Kiswahili aweza kulichukua kuwa ungamo. Kwa maoni yangu, mkalimani alieleze tendo lenyewe: dereva alimwonyesha majeruhi kwamba anamhurumia.

Matumizi mengine hayana ugumu. Likitamkwa kwa kiimbo cha kupanda, ni ombi la kurudiwa maneno: "Umesemaje?" Likitangulia nomino, kama katika "a sorry state", ni hali duni, ya kusikitisha.

Kumwambia "sorry" mtu aliyejikwaa mwenyewe, kama tufanyavyo Afrika Mashariki, humshangaza Mwingereza, naye huenda akajibu kwamba hukumkosea. Msemaji alikusudia pole. Mfasiri wa mazungumzo ya namna hiyo aandike "pole" bila kusita.