Wenyeji wa kale wa Migori na Homa Bay

KATIKA kaunti za Migori na Homa Bay, swali la nani mwenyeji na nani mgeni lina uzito wake, hasa ardhi inapogombewa. Hata hivyo, historia ya eneo hili, kuanzia Masara hadi ufuo wa Ghuba ya Winam, haimpi yeyote jibu jepesi.

Miongoni mwa wakazi wa kale walikuwa wavuvi na wawindaji waliofinyanga vyungu vya aina ya Kansyore. Mabaki yao yamefukuliwa penye maporomoko ya Gogo, katika Mto Kuja. Mahali papo hapo pana mabaki ya wafugaji walioishi yapata miaka 2,000 iliyopita. Katika kisiwa cha Mfangano, michoro ya rangi iliyo mapangoni huhusishwa na Watwa, jamii ya wawindaji.

Wakulima na wahunzi wa Kibantu nao wakaingia, kisha Wajaluo wakavuka ghuba wakitoka kaskazini. Wasuba, ambao mababu wa wengi wao walitoka upande wa Uganda, walikaa Rusinga, Mfangano na nchi kavu iliyo jirani. Kusini zaidi waliishi Wakuria.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa maingiliano hayo ni Thimlich Ohinga, kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Kuta zake za mawe, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, zilijengwa bila saruji wala udongo, yamkini katika karne ya 16, ili kuwakinga watu na mifugo. Jamii moja ilipohama, nyingine iliingia, ikazikarabati kuta na kuendelea kuishi humo. Mwaka wa 2018, UNESCO iliiorodhesha ngome hiyo kuwa Turathi ya Dunia.

Ndoa, biashara na ujirani viliwafanya Wasuba wengi kuizungumza Kijaluo, na leo Kisuba kimo katika hatari ya kutoweka. Hata hivyo, dalili zake zimesalia: majina ya koo za Suna, kama vile Wasweta na Wasimbete, yangali na kiambishi cha Kibantu ingawa wenye majina hayo huzungumza Kijaluo.

Kwa hivyo, anayejiita mwenyeji leo huenda ni mjukuu wa wageni kadhaa. Lugha ya Kisuba ikizikwa, sehemu ya ushahidi huo itazikwa nayo.