Mtaka tikitaka sharti aanguke

Sisi tuliokulia na redio tulilijua neno tikitaka kabla ya kuiona yenyewe. Mtangazaji alipaza sauti, nasi kila mmoja akaichora kichwani apendavyo, kesho yake tukaijaribu kwa mpira wa makaratasi. Nazungumzia ile ya kuupa mgongo goli, kujirusha miguu juu na kuupiga mpira ukapita juu ya kichwa chako. Isichanganywe na mtindo wa Wahispania wa pasi fupi fupi, uliovuma kwa jina hilo miaka ya 2000.

Nani aliianzisha? Hapo pana ugomvi. Wachile humtaja Ramón Unzaga, mzaliwa wa Bilbao, Hispania, aliyehamia na wazazi wake katika bandari ya Talcahuano mwaka 1906. Husimuliwa kwamba aliipiga mjini humo mwaka 1914. Alipoichezea Chile katika mashindano ya ubingwa wa Amerika Kusini, mwaka 1916 na 1920, waandishi wa Argentina wakaiita chilena, yaani ya Kichile.

Waperu hawakubali hata kidogo. Wao huiita chalaca, kwa jina la wenyeji wa Callao, bandari iliyo jirani na Lima. Hudai kwamba watu wa bandari hiyo waliipiga tangu mwishoni mwa karne ya 19, walipokuwa wakicheza na mabaharia wa Kiingereza. Wabrazil nao wana Leônidas da Silva, aliyeipiga mwaka 1932, kisha akaibuka mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1938 nchini Ufaransa kwa mabao 7.

Kesi hiyo siiamui mimi. Ninaloliona ni kwamba Wachile na Waperu, pamoja na ubishi wao, wote wanatupeleka bandarini, kwa wachezaji wa ridhaa. Ligi ya kulipwa ya Chile ilianza mwaka 1933, miaka kumi baada ya Unzaga kufariki. Kwa hiyo ufundi ambao leo unajaza viwanja vya Ulaya haukubuniwa na wenye mishahara minono wala makocha wa kigeni. Ulibuniwa na watu waliocheza baada ya kutoka kazini.

Ndiyo maana simcheki kijana wa mchangani anayebaki uwanjani wenzake wakishaondoka. Rafiki yake anamrushia mpira, anajirusha, anaukosa, anaanguka kishindo, anajipangusa vumbi na kuomba tena. Wapita njia wanamwona mwehu. Kumbe yumo darasani.

Darasa lenyewe si jepesi. Mguu usiopiga hutangulia kupanda ili kuuinua mwili. Ukianza kushuka, ule wa kupiga hupanda kwa kasi, kama mkasi. Macho hayauachi mpira. Baada ya hapo linabaki jambo ambalo vijana wengi hulisahau: kuanguka. Mikono hutangulia kupunguza kishindo, mgongo wa juu na bega vikapokea uzito. Anayetua kwa shingo au kwa kiganja kilichokakamaa anacheza na uhai wake. Na sheria za soka haziikatazi tikitaka, ila ukimhatarisha mpinzani kwa miguu hiyo, mwamuzi atatoa faulo isiyopigwa moja kwa moja golini.

Mpira si mchezo wa kufanyia mzaha. David Arellano, mmoja wa waanzilishi wa klabu ya Colo-Colo ya Chile, aliipeleka tikitaka Hispania katika ziara ya mwaka 1927. Mwezi Mei, mjini Valladolid, aligongana na mpinzani, akaumia tumboni na kufariki siku iliyofuata, akiwa na umri wa miaka 24. Hakuuawa na tikitaka, lakini jezi ya Colo-Colo imebaki na mstari mweusi wa msiba juu ya nembo yake.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami naongeza: mtaka tikitaka sharti aanguke. Swali ni je, aangukie wapi? Mwenye pwani ana mchanga laini. Lakini kijana wa katikati ya mji anaangukia changarawe na vipande vya chupa, na hata hapo anafukuzwa, kwa kuwa kiwanja kimegeuzwa ghala au maegesho ya magari. Halafu timu ikifungwa ugenini, sisi sisi tunauliza vipaji vimekwenda wapi.

Kumwagia kiwanja lori moja la mchanga hakuhitaji mfadhili kutoka nje. Wakazi wa mtaa wakichangishana wanaweza. Kukilinda kisimegwe kunahitaji wazazi waende kwenye mkutano wa mtaa na kuuliza, mchana kweupe, hati ya kiwanja iko kwa nani. Tuulize mapema, ndugu zangu, maana goti likivunjika hutibiwa, lakini kiwanja kikishajengwa ghorofa hakirudi.