Mzee Aliyekumbushwa Nyimbo Zake

Juni 1964 vijana watatu weupe walizunguka Mississippi wakimsaka Son House. Walikuja kumpata kaskazini kabisa, Rochester, jimbo la New York, mzee asiye hata na gitaa. Mwezi huohuo, hukohuko Mississippi, wanaharakati watatu wa haki za raia waliuawa. Siwezi kuandika habari ya kwanza nikaiacha ya pili.

House alikuwa mhubiri kabla ya kushika gitaa. Alifungwa Parchman kwa kuua mtu. Mwaka 1930 alirekodi santuri za Paramount, hazikuuzika. Robert Johnson na Muddy Waters walijifunza kwake. Mwaka 1943 akahamia Rochester, akafanya kazi ya reli.

Alipopatikana, alikuwa ameacha muziki kwa miaka. Ndipo akaja Al Wilson, kijana wa miaka kama 21 (mdogo kuliko mimi), aliyezijua santuri zile za zamani, akakaa naye kumkumbusha nyimbo zake mwenyewe. Wapo wanaosema Wilson alimfundisha House kuwa House. Nalikataa hilo: vidole vilikumbushwa, sauti ile hakufundishwa na mtu.

Kinachonisumbua ni kingine. Wilson angeweza kumkumbusha kilichorekodiwa tu: santuri za 1930, na rekodi za Alan Lomax za 1941 na 1942. Nyimbo alizopiga na Willie Brown kwenye ngoma za Jumamosi, huko mashamba ya pamba, zisizonaswa popote, nani angemkumbusha? Brown alikwisha kufa.